Boksi la Bado

Mtu akinipigia simu kuniambia ofisi yake ya nyumbani "imejaa kidogo tu," nabeba mifuko ishirini. Akisema "imejaa," nabeba arobaini. Mwanamke aliyenipigia Jumatatu alisema, "Mama Ondoa, mlango wenyewe haufunguki mpaka uusukume kwa nyonga. Njoo kabla sijalia." Nikabeba sitini.

Mama Ondoa ni mimi. Jina nilipewa na wateja na sikulikataa, maana ndiyo kazi yangu: naingia kwenye chumba kilichomshinda mwenyewe, natoka kikiwa chumba tena. Nina diploma ya ukatibu muhtasi, nimepanga mafaili ya watu miaka minane, na sijawahi kukutana na karatasi iliyonishinda. Watu ndio walionishinda. Mmoja hasa.

Utaratibu wangu ni ule ule kila nyumba. Nakuja na maboksi matatu makubwa na kalamu ya maka nyeusi. La kwanza naandika INABAKI. La pili, INAONDOKA. La tatu naandika BADO, na hilo ni la vile vitu ambavyo mwenyewe akivishika anapepesa macho na kuanza, "Unajua, hiki..." Simlazimishi. Kinaingia kwenye Bado, boksi linafungwa kwa selotepu, linabandikwa stika yenye tarehe. Siku saba. Akilifungua ndani ya siku hizo kwa kuwa amekihitaji kitu, kitu kinabaki. Asipolifungua, siku ya saba nalibeba kama lilivyo, hata kama ndani kuna dhahabu, na simu za kulia sipokei.

Dada aliyenifungulia geti Jumatano asubuhi alikuwa mwembamba, wa haraka haraka, na hakunitazama usoni. Nilidhani ni aibu. Wateja wengi huona aibu, utafikiri wanavua nguo mbele ya daktari.

"Karibu, karibu. Chumba ni hiki cha chini," akasema. "Kaka yangu anafanyia kazi zake humu. Sasa mama yetu anahamia Jumamosi, magoti yake hayapandi ngazi tena, kwa hiyo meza ya kaka inahamia kwenye kona ya sebuleni na hapa panakuwa chumba cha mama. Kitanda kinaletwa Ijumaa."

"Na huyo kaka amekubali?"

"Amekubali. Yaani, hajakataa."

Nikausukuma mlango kwa nyonga.

Kilikuwa chumba kizuri chenye madirisha mawili, ila dirisha moja halikuonekana. Kulikuwa na meza ya kuchorea iliyozikwa na makaratasi, meza ya kompyuta iliyozikwa na kompyuta tatu zilizokufa, printa mbili zilizobebana, kiti cha ofisi kilichobakiza magurudumu matatu, na ndoo tano za plastiki zilizojaa michoro iliyokunjwa kama mikeka. Chini ya meza waya zilikuwa zimefanya kiota.

Nikachomoa mchoro mmoja kwenye ndoo ya karibu, nijue mwenyewe anafanya kazi gani. Ramani ya nyumba. Vipimo vimeandikwa pembeni kwa penseli. Na saba zake zote zilivaa kofia: kistari juu, kimelala upande, kama mtu aliyevaa kofia kwa madaha.

Nilipanga michoro yenye saba hizo kwa miaka mitatu. Hakuna mtu mwingine anayeivalisha saba kofia ya namna ile.

"Huyu kaka yako," nikasema bila kugeuka, "kazini wanamwita nani?"

Akajibu kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani: "Rula."

Nikaurudisha mchoro kwenye ndoo. Nikaanza kukusanya mifuko yangu sitini.

"Wifi, nisikilize kwanza."

"Wifi ya nani?"

"Nilikuona kwenye picha yake, nikaja kukuona tena kwenye tangazo lako la kazi, nikasema..."

"Ukasema utanidanganya nije kufagia nyumba ya mtu aliyenitupa. Akili nyingi hiyo. Ungenipa basi na kanga ya kuvaa nikifagia, mambo yakamilike."

"Mimi ndiye niliyeharibu, wifi. Mimi ndiye niliyekwenda kumwambia Mama kuwa kaka ana mwanamke, na mwanamke ana mtoto. Mama akasema hataki. Nikalibeba neno nikampelekea kaka kwenye simu, moto moto, bila hata kulipooza. Miaka minne sasa naliona kosa langu kila nikiingia humu ndani. Mtu hatupi hata kikopo cha kalamu!"

Hapo nieleze, kwa sababu hasira isiyoelezwa huonekana kichaa.

Mimi na Rula tulikuwa ofisi moja ya ujenzi. Yeye mchora ramani, mimi katibu. Aliniita Katibu wangu, hata nje ya kazi, hata siku aliyokuja kwangu na kumkuta binti yangu, wakati huo ana miaka mitano, akakaa naye sakafuni kumchorea nyumba ya sisimizi yenye vyumba kumi na choo cha wageni. Nilimpenda siku hiyo hiyo, kwa sababu ya kile choo cha wageni. Baadaye wakampeleka kwenye mradi wa mbali, mwaka mzima na nusu. Kitu kimoja tu nilimwomba. Sikuomba pete wala nyumba. Nilimwomba aseme. Awaambie kwao kwamba yuko na mimi, na kwamba mimi nina mtoto, ili siku nikiingia nyumbani kwao nisiingie kama mwizi. Akasema, "Nitawaambia." Mwezi ukapita. Ikapita miezi. Siku moja nilimwandikia ujumbe kumuuliza kama ameshawaambia. Akanijibu neno moja.

Bado.

Mwaka mzima, na jibu ni bado. Niliitoa laini ile kwenye simu, nikaivunja vipande viwili kwa meno, nikaandika barua ya kuacha kazi kabla hajarudi, nikahama mtaa.

Sasa nimesimama kwenye chumba chake na mifuko yangu. Ningeondoka. Lakini kitanda cha mama mtu kinakuja Ijumaa, na mimi nilikuwa nimeahidi kazi. Nikisema nitafanya, nafanya. Wapo wasiofanya, mimi si wao.

"Anarudi saa ngapi?"

"Saa sita."

"Nitakuwa nimemaliza nusu. Niletee ndoo ya maji na kitambaa. Na usiniite wifi."

"Sawa, wi... sawa, dada."

Sijawahi kufanya kazi kwa hasira kama siku ile, na sikatai, hasira inasafisha. Kalenda za miaka sita iliyopita, INAONDOKA. Maboksi ya simu bila simu, INAONDOKA. Kalamu mia moja na arobaini zilizokauka. Nilizijaribu zote, moja moja, nyuma ya bahasha, na kila iliyogoma niliitupa kwa nguvu kuliko ilivyostahili. Michoro nikaipanga kwa mwaka na mradi, nikaisimamisha kwenye ndoo mbili badala ya tano. Karibu na saa sita dirisha la pili lilitokea. Jua likaingia, vumbi likacheza, na mimi nikapiga chafya mara nne mfululizo.

"Afya," mtu akasema mlangoni.

Sikugeuka upesi. Nilimaliza kukung'uta kitambaa.

Alikuwa amesimama na begi mkononi na penseli nyuma ya sikio, kama zamani. Nywele za pembeni zimeanza kuwa nyeupe. Shati ni lile lile la mikono iliyokunjwa mara mbili, ya kulia juu kidogo kuliko ya kushoto. Moyo wangu, ambao hauna akili na haujawahi kuwa nayo, ukaruka. Nikauambia utulie.

"Katibu," akasema.

"Mama Ondoa. Katibu aliacha kazi."

"Wewe... nani amekuita?"

"Dada yako. Usiogope, sikukufuata. Una maboksi matatu hapo mbele yako, naamini unajua kusoma. Printa hii ya juu?"

Alinitazama mimi, si printa. Lile jicho. Lilikuwa na tabia mbaya, jicho lake: likikutazama linakuwa kama limekaa kitako.

"Nimekuuliza printa."

"Inahitaji kutengenezwa."

"Tangu lini?"

"Kitambo."

"Inaondoka. Ya chini?"

"Hiyo nzima, inakosa wino tu."

"Inabaki. Kompyuta hizi maiti tatu?"

"Kuna kazi zangu ndani, sija... bado sija..."

"Hilo neno usilitamke humu ndani!"

Sauti yangu ilipiga ukuta ikarudi. Kule jikoni dada mtu akaangusha kifuniko.

Rula akaweka begi chini, polepole, kama mtu anayeweka yai. "Ni wewe uliyeliandika kwenye boksi."

"Kwenye boksi langu lina siku saba! Kwako lina miaka mingapi?"

"Unaniuliza mimi? Wewe ndiye uliyezima simu! Nilirudi nikakuta meza yako ina mtu mwingine anapaka rangi kucha. Nikaenda kwako, nikakuta familia nyingine, mzee mmoja akanifukuza akidhani nimekuja kuuza kitu. Ulihama kama mtu anayefukuzwa na polisi. Hata kuaga, Katibu?"

"Niage nini? Nilikuuliza swali, ukanijibu neno moja. Neno moja, Rula! Hata kuku ukimfukuza anakujibu zaidi ya hapo."

"Nilikujibu ulichouliza!"

"Ndiyo! Na ndicho kilichoniondoa!"

Uso wake ukakunjamana. Kwa mara ya kwanza hakuwa anajitetea. Alikuwa haelewi. "Kilikuondoa vipi?"

"Usijifanye mjinga, nina kazi." Nikapiga magoti, nikaingia chini ya meza kwenye kile kiota cha waya, kwa sababu machozi yalikuwa yananikaribia na mimi silii mbele ya mteja. Nikaanza kuzitenganisha. Waya wa printa iliyoondoka. Waya wa redio. Waya usio na kazi yoyote duniani. Katikati ya kiota, imeviringishwa humo humo kama kifaranga, kulikuwa na simu ya zamani, kioo kimepasuka, na chaja yake ya pini nene.

"Inaondoka," nikasema, nikairusha kwenye boksi.

Aliidaka hewani. Sikujua bado ana mikono ya haraka vile.

"Hii hapana."

"Simu haiwaki, kioo kimekufa..."

"Inawaka. Ilinipotea tu pamoja na chaja yake, nimeitafuta tangu nihamie humu." Alikuwa ameshaichomeka ukutani. "Wewe unasema nilikujibu neno moja. Njoo uone ulichouliza."

"Najua nilichouliza."

"Njoo uone."

Tulikaa sakafuni kama wanafunzi waliofukuzwa darasani, yeye upande mmoja wa soketi na mimi upande wa pili, tukiingoja simu mbovu. Ilichukua dakika nane. Alinukia penseli iliyochongwa na sabuni ya kufulia. Nilihesabu vigae.

Kioo kikawaka kijani. Akabonyeza, akatafuta, akanipa.

Ujumbe wangu ulikuwa pale, na jina langu juu yake: Katibu Wangu. Niliusoma mara ya kwanza haraka, mara ya pili taratibu.

*Rula, bado unanipenda? Na kwenu umeshawaambia?*

Chini yake, dakika moja baadaye, yeye: *Bado.*

Maswali yalikuwa mawili. Miaka minne nilikuwa nimelibeba la pili tu. La kwanza nililiandika mwenyewe, kwa vidole vyangu, halafu nikalisahau, labda kwa sababu lilinitia aibu kuuliza.

"Bado nakupenda," akasema kwa sauti ndogo. "Ndivyo nilivyojibu. Nilikuwa juu ya jukwaa la ujenzi, mkono mmoja umeshika futi ya kupimia. Nikaona *bado unanipenda*, nikaandika *bado*. Hata sikufikiri. Ni kama mtu kukuuliza bado unapumua."

Chini ya neno hilo kulikuwa na ujumbe mwingine wake, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na alama ya kutofika. *Katibu? Kuna nini? Mbona hupatikani? Binti anaumwa? Nijibu hata kwa kunitukana.* Nilihesabu kumi na tisa. Wa mwisho ulikuwa miezi minane baadaye: *Nyumba ya sisimizi nimeimalizia ghorofa ya pili.*

Ningeweza kulia hapo, na wengine wangelia, na habari ingekwisha. Lakini mimi nimepanga mafaili. Nikiona jibu moja kwa maswali mawili, natafuta jibu lililopotea.

"Sawa," nikasema. "Hilo la kwanza. La pili je?"

"Sikulifikia."

"Rula. Ujumbe wenyewe ni mistari miwili."

Akatazama soketi.

"Ulilifikia?"

"...Nililiona."

"Na jibu lake lilikuwa nini? Siku ile, juu ya hilo jukwaa, umeshika hiyo futi?"

Akasema, na nitampa sifa hiyo, alinitazama alipokuwa anasema: "Lilikuwa hilo hilo. Bado."

Nikasimama. Magoti yalilia, nikayaacha yalie.

"Basi sikukosea kusoma!"

"Ulikosea nusu..."

"Nusu! Na mimi nilitaka nusu ile nyingine! Kunipenda nilijua unanipenda, hata mbwa wa jirani alijua! Nilikuwa nakungoja useme. Binti yangu aliniuliza, 'Mama, Rula ameenda kwao kutusema?' Miaka sita, anauliza hivyo, 'kutusema,' utafikiri sisi ni kosa la kwenda kuungama. Nikamwambia bado. Mimi pia nilikuwa nalitumia hilo neno lako, kwa mtoto! Na wewe dada yako amekuletea neno la mama yako, ukafanya nini?"

"Nilinyamaza."

"Ulinyamaza."

"Nilidhani likikaa kidogo litapoa."

"Humu ndani kila kitu ulidhani kitapoa! Tazama chumba! Printa, kompyuta, mimi! Hutupi, hutumii, unarundika tu na kufunga mlango!"

"Nani anafunga mlango? Hebu uacheni wazi," mtu akasema.

Hakuna aliyesikia teksi. Mama mtu alikuwa ameshaingia sebuleni na fimbo yake ya chuma, amekuja kukiona chumba siku tatu kabla ya wakati wake, na nyuma yake binti yake akitupungia mikono kama anayezuia gari. Alikuwa mama mnene mwenye uso mdogo na macho yasiyokosa kitu. Aliyapitisha kwenye maboksi, kwenye ndoo, kwangu, akayarudisha.

"Shikamoo, Mama," nikasema, maana adabu ni adabu.

"Marahaba. Nimechoka, acheni nikae." Akakishika kile kiti cha magurudumu matatu.

"Hapana!" tukapiga kelele sote wawili, tukakirukia kutoka pande mbili. Kiti kikainama, mkono wangu ukaangukia juu ya mkono wa Rula kwenye egemeo. Nikauacha sekunde moja zaidi ya ilivyohitajika, kisha nikauondoa kama nimegusa pasi. Nikamletea mama stuli ya kuchorea. Alikuwa ametuona. Yule hakosi kitu.

"Wewe ndiye yule mwenye mtoto," akasema alipotulia.

"Ndiye mimi, Mama. Na mtoto ninaye mpaka leo. Ana miaka kumi, na hesabu anaongoza darasa."

"Sikukuuliza hesabu." Akaweka fimbo mapajani. "Nilisema sitaki. Usidhani nitalikana. Nilisema, na aliyebeba neno yuko hapo mlangoni anajificha. Lakini nani alikwambia nikisema sitaki, basi nimemaliza? Mimi mwenyewe ukoo wa mume wangu walinikataa. Baba yake huyu alikwenda kwao kubishana wiki mbili, anapiga meza, mpaka sauti ikamkauka akawa anaandika kwenye karatasi. Nikasema, huyu naye akimtaka atakuja kunipigia meza. Nikakaa kungoja. Wiki. Mwezi. Mwaka. Hakuna meza iliyopigwa. Nikajua basi, hamtaki."

"Hata mimi nilijua hivyo, Mama," nikasema.

Tukatazamana, mimi na mwanamke niliyemchukia miaka minne bila kumwona. Tulikuwa tumemngoja mtu mmoja. Kisha wote wawili tukageuka kumtazama.

Rula alikuwa amesimama katikati ya chumba, kati ya INABAKI na INAONDOKA. Nikajiambia, huyu sasa atasema tukae kwanza, tunywe maji, tuzungumze taratibu. Nikaanza kutafuta mkoba wangu kwa macho.

"Namtaka," akasema.

"Sikio hili halisikii vizuri," mama akajibu.

Mkono wa Rula ukashuka juu ya meza ya kuchorea, pwaa! Rundo la karatasi nililolipanga kwa saa nzima likateleza lote, likamwagika sakafuni.

"Namtaka, Mama! Nilimtaka wakati ule na namtaka sasa! Yeye na binti yake, wote wawili, si mmoja! Nilipaswa kuja kwako miaka minne iliyopita nikasema, na sikuja kwa sababu nilikuogopa, nikamwacha abebe woga wangu peke yake. Si kosa la dada. Si kosa la simu. Ni mimi!"

Dada mtu mlangoni alikuwa analia kwa kelele kama mtu aliyeona sinema.

"Umechelewa," mama akasema.

"Najua."

"Na mimi sijasema nataka."

"Sikuombi ukubali, Mama. Nakuambia."

Yule mama alimtazama mwanawe kwa muda, akapangusa kitu kwenye pua kwa ncha ya mtandio. Kisha akanigeukia mimi. "Kitanda changu nataka kichwa kiwe upande wa dirisha. Lile ulilolifukua."

"Sawa, Mama. Na wewe," nikamwambia Rula, "hizo karatasi utaziokota mwenyewe. Kwa mwaka na kwa mradi."

Akaziokota. Alipiga magoti saa nzima, saba zake zenye kofia mkononi, na mimi nikafuta rafu na sikumsaidia hata moja. Hasira ilikuwa bado ipo. Ilikuwa imebadilika tu: asubuhi ilikuwa imenivaa, sasa nilikuwa nimeikunja mkononi kama kitambaa, naamua pa kuiweka. Mtu anaweza kusema kitu kizuri miaka minne nje ya saa yake, na kikawa kizuri, na saa ikawa imepita. Mimi nina mtoto. Sipeleki nyumbani kitu kwa sababu tu kimenifurahisha dukani.

Saa tisa chumba kilikuwa chumba. Mifuko arobaini na mitatu getini. Mama mtu alishapima urefu wa kitanda chake kwa fimbo na kulala kidogo kwenye kochi la sebuleni. Nikafunga boksi la tatu kwa selotepu, nikachukua maka, nikaandika kwenye stika: BADO, na tarehe ya Jumatano ijayo.

Rula alinifuata mpaka mlangoni. Ile simu ya zamani alikuwa nayo mkononi.

"Hii nimeiweka kwenye inabaki," akasema. "Na mimi, Katibu? Mimi naingia boksi gani?"

Nilimtazama. Vumbi kwenye nyusi, penseli nyuma ya sikio, mkono wa kulia umekunjwa juu kuliko wa kushoto. Nikachukua stika nyingine, nikaiandika vile vile, neno na tarehe, nikambandika kifuani, nikaipiga kwa kiganja ishike. Niliipiga kwa nguvu kidogo. Alistahili.

Akainamisha kichwa kuisoma. Moyo wake ulikuwa unagonga chini ya karatasi. Niliusikia kwenye kiganja kabla sijakiondoa.

"Bado ipi?" akauliza. "Ya kwanza au ya pili?"

Nikaning'iniza mkoba begani, nikafungua geti.

"Una siku saba," nikamwambia. "Dada yako ana anwani yangu. Njoo uulize mlangoni kwangu, mchana, binti yangu akiwepo asikie. Na safari hii, Rula, uje na maneno zaidi ya moja."